Jibu: Raspberry Pi 4 kwa kazi za duka, Lamu

Ndugu yangu, umeuliza kama Raspberry Pi 4, ile kompyuta ndogo ya bodi moja, itatosha kwa hesabu za duka lako hapo Lamu, na mbona uliyoazima hujizima. Yatosha, ukichukua ya RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) GB 4. Kujizima mara nyingi huletwa na chaja ya simu: Pi yenyewe yataka volti 5, ampea 3, na waya mfupi. Ukiona onyo la umeme mdogo kwenye skrini, ndilo hilo. Kubwa zaidi ni umeme kukatika ghafla Pi ikiwa inaandika data. Hapo kadi ya microSD, ile kadi ndogo ya kuhifadhia data, huharibika upesi. Mfumo endeshi uweke kwenye SSD, diski isiyo na sehemu zinazozunguka, uichomeke tundu la USB la buluu. Kasha liwe la alumini lisilo na feni, maana feni huvuta hewa ya chumvi ndani, nayo alumini hutoa joto, kwani Pi ikikaribia nyuzi 80 hupunguza kasi.