Kabla Hujagusa BIOS ya Mashine Iliyo Busia

Wewe uliyeajiriwa juzi idara ya kompyuta, hivi karibuni utaambiwa: "Mashine zote za matawi zizuiwe kuwashwa kwa flashi." Wewe uko Kisumu, matawi yako Siaya, Kakamega na Busia. Kupanda matatu uende ubonyeze F2 kuingia BIOS (programu ndogo ya ndani ya mashine inayoiwasha kabla ya Windows) kwenye kila mashine ni wiki nzima imekwisha, kwa hiyo utaifanya kazi hiyo ukiwa mezani kwako. Inawezekana. Ila Windows ikikosewa, unaingia kwa mtandao unarekebisha. BIOS ikikosewa, hiyo Windows ya kuingilia yenyewe haiwaki.

Mimi nililijua hilo kwa aibu. Mwaka wangu wa kwanza nilituma badiliko la Secure Boot (mpangilio wa BIOS unaoruhusu programu zilizothibitishwa tu kuiwasha mashine) kwa mashine kumi na nne za tawi moja, Ijumaa jioni, nikaenda zangu nyumbani. Jumatatu saa mbili kasoro simu ikaanza kulia. Kila skrini ilikuwa ya buluu, BitLocker, kinga ya Windows inayoifunga diski kwa siri, inadai ufunguo wa kurejesha. Ufunguo huo una tarakimu 48, makundi manane ya sita sita. Tulikuwa tumeuhifadhi kwenye Active Directory, orodha kuu ya watumiaji na mashine za kampuni, namshukuru Mungu, lakini ilibidi niusome kwa simu, mashine moja baada ya nyingine, kwa mama wa mapokezi huku boda boda zikipiga honi dirishani kwake. "Umesema tisa ama sita?" Kufika saa sita mchana zilikuwa zimebaki nne, na wateja wamejaa hadi mlangoni.

Sababu ni kwamba BitLocker hulinganisha hali ya mashine na vipimo vilivyo kwenye TPM, chipu ya usalama ndani ya mashine. Ukigusa Secure Boot, vipimo havilingani tena, nayo hudhani mtu anaichokora. Kabla ya kutuma badiliko, isimamishe kwa amri ya PowerShell, Suspend-BitLocker, ukiweka RebootCount kuwa 1 ili ulinzi ujirudishe wenyewe mashine ikishazimwa na kuwashwa. Na usitume Ijumaa.

Vifaa vyenyewe vya kutumia mabadiliko si vigumu. Dell wana Dell Command | Configure, ambayo amri yake ni cctk. HP wana BIOS Configuration Utility, inayotoa mipangilio yote kwenye faili la maandishi. Lenovo huendeshwa kupitia WMI, njia ya Windows ya kusoma na kubadili mipangilio ya mashine kwa amri. Kinachochosha ni majina: mpangilio uleule huitwa hivi kwenye modeli hii na vile kwenye ile. Kwa hiyo soma na uhifadhi mipangilio ya sasa kwanza, kisha jaribu kwenye mashine moja ya kila modeli, iliyo karibu kiasi cha kufikiwa kwa miguu. Mtindo wa SATA, yaani jinsi mashine inavyozungumza na diski (RAID au AHCI), usiuguse kabisa. Ukiutoa RAID kwenda AHCI bila kuiandaa Windows, haitawaka.

Nywila ya BIOS iwekwe mashine zikiwa bado mezani kwako, mpya. Lenovo nyingi hukataa kuwekewa nywila ya kwanza ya msimamizi kupitia WMI. Lazima ukae mbele yake. Halafu usiiandike waziwazi ndani ya skripti iliyo kwenye folda ya wote. Nimeshaikuta huko.

Kwa stima yetu hii, kuna mipangilio miwili nisiyoiacha. Mmoja huamuru mashine iwake yenyewe stima ikirudi. Wa pili ni Wake-on-LAN, wa kuiwasha mashine iliyozimwa kupitia mtandao, lakini kwenye Dell hautafaa kitu kama Deep Sleep, mpangilio wa kubana umeme, haijazimwa. Tena pakiti yake ya kuamsha kwa kawaida haivuki rauta, kwa hiyo acha mashine moja ikiwaka kila tawi, hiyo ndiyo iwaamshe wenzake.

Halafu siku moja utapigiwa kwamba mashine kuukuu imekataa watu kuingia. Utakuta saa yake imerudi nyuma miaka kadhaa, na domeni (mtandao wa kampuni unaothibitisha wanaoingia) kwa kawaida haivumilii tofauti inayozidi dakika 5. Betri ndogo ya ndani inayoiendesha saa hiyo imekufa. Hapo hakuna amri ya kutuma: nunua betri nyingine, CR2032, beba bisibisi, upande matatu.