Pampu ya kukamulia maziwa: nikodi au ninunue?

SWALI: Habari za kazi, sister. Mtoto wangu ana wiki tisa na likizo inaisha baada ya wiki tatu. Nakaa Ilazo, kazini ni Mtumba, natoka saa moja asubuhi narudi saa kumi na moja jioni. Dada mmoja kwenye grupu letu la WhatsApp anakodisha pampu ya umeme kwa 25,000 kwa wiki, anasema akirudishiwa anachemsha kila kitu. Dukani mpya ya aina hiyo hiyo ni 190,000. Nataka mtoto afike miezi sita kwa maziwa yangu tu. Nikodi au ninunue? – Msomaji, Dodoma

JIBU: Hongera kwa uzazi, mama. Nunua. Bei tutaifikia, lakini kilichonifanya niseme hivyo ni hayo maneno ya "anachemsha kila kitu". Mota haichemshwi.

Pampu ya umeme ina sehemu mbili. Kuna zinazogusa maziwa: faneli inayokaa kwenye titi, shingo yake, vali ndogo ya silikoni na chupa. Hizo unaosha, unachemsha, zinakuwa safi. Halafu kuna mrija na kijimashine chenye mota inayovuta hewa. Pampu nyingi za bei ya kawaida hazina kizuizi kati ya maziwa na mota, au kizuizi chake si cha kuaminika mikononi mwa watu wengi. Ukiinama kidogo, chupa ikijaa kupita kiasi, au vali ikikaa vibaya, matone na mvuke wa maziwa huvutwa kwenye mrija hadi ndani ya mashine. Humo hakufikiki kwa sabuni wala maji ya moto. Maziwa yanaganda, ukungu unaota, na mama anayefuata hewa yake inapita palepale. Maziwa ya mama ni majimaji ya mwili: yanaweza kubeba VVU na bakteria, na chuchu ikipasuka, damu nayo inaingia. Dada huyo anaweza kuwa msafi kuliko sisi sote. Tatizo ni mashine aliyonayo.

Pampu za kukodisha zipo, na zimetengenezwa kwa kazi hiyo. Ni nzito, mota yake ni ya kufanya kazi kutwa, na njia ya hewa imezibwa kwa kiwambo ili maziwa yasifike ndani hata kwa bahati mbaya. Kila mama hununua seti yake mpya ya faneli, mirija, vali na chupa, anaipachika kwenye mashine, na akimaliza anaondoka nayo. Kwa hiyo muulize huyo dada maswali mawili. Je, kijitabu cha mtengenezaji kinasema mashine hii ni ya watumiaji wengi? Je, nitapewa seti mpya ndani ya pakiti yake? Likikosekana hata moja, hapo unapewa mtumba tu, na mtumba wa pampu ya mtu mmoja sikushauri uuguse hata kwa bure. Usidanganywe na maandishi ya "daraja la hospitali" kwenye boksi. Kila kampuni huyaandika inavyotaka.

Tuje kwenye hesabu. Tuseme umepata mashine halali ya kukodi kwa bei hiyo hiyo, na seti yako ni 60,000. Toa seti kwenye bei ya dukani: 190,000 toa 60,000 ni 130,000. Gawa kwa 25,000, unapata wiki tano na ushee. Chini ya hapo kukodi ni nafuu, ukizidisha unamlipia mwenzio mashine yake. Wewe, kuanzia wiki ya 12 hadi mtoto afike miezi sita, una wiki kama 14. Hiyo ni 350,000 kabla ya seti na amana.

Kukodi kuna maana mtoto akizaliwa njiti na kulazwa, au ni mapacha wasioweza kunyonya, au maziwa yamepungua sana na unataka kuyarudisha. Hapo mama anakamua mara 8 hadi 10 kwa saa 24, usiku ukiwemo, matiti yote mawili kwa pamoja, dakika 15 hadi 20. Kazi hiyo inaimaliza mota ndogo mapema, na kwa kawaida ni ya wiki chache. Kama mtoto yuko wodi ya watoto wachanga, iwe hospitali ya General au ya Benjamin Mkapa, anza kwa kumuuliza muuguzi kabla hujatoa hela popote. Siku mbili tatu za mwanzo, maziwa ya njano ni machache na mazito. Mkono huyatoa vizuri kuliko pampu, kwa sababu kwenye pampu yanaishia kuganda kwenye kuta za faneli.

Sasa ununue ipi? Chukua inayokamua matiti mawili kwa pamoja, maana kazini muda ni mali. Soma maandishi madogo kwenye adapta: yaseme 100–240V. Zinazotoka Marekani nyingine zimeandikwa 120V tu, na umeme wetu ni 230V; ukichomeka mara moja umeiunguza. Iwe na betri ya kuchaji, au itumie waya wa USB ili ifanye kazi na pawabenki, kwa sababu umeme haukatiki kwa ratiba yako. Kabla ya kulipa, uliza kama wanauza vali peke yake. Duka lisilo na vali za akiba litakurudisha dukani kununua pampu nyingine kwa kasoro ya kipande cha silikoni.

Kile kipampu cha mpira wa kubinya kama honi ya baiskeli kiache. Maziwa yanaingia kwenye mpira usiosafishika, na mvuto wake unaumiza chuchu.

Faneli ndiyo inayowashinda wengi. Pampu nyingi huja na ya milimita 24, na mama anaitumia hivyo hivyo. Chukua rula, pima upana wa chuchu kwenye shina lake bila kuhesabu duara jeusi, ongeza milimita 2 au 3. Chuchu ya milimita 17 inataka faneli ya 19 hadi 20. Ikibana, chuchu inasugua kuta, inauma na kutoka nyeupe. Ikipwaya, duara jeusi lote linavutwa ndani, titi linavimba na maziwa yanatoka kidogo. Mvuto nao usiupeleke juu kabisa. Panda taratibu mpaka usikie kero, kisha shuka ngazi moja. Maumivu huzuia maziwa kushuka.

Ipo siku itavuta kwa unyonge na utadhani maziwa yanakauka. Kagua vali kwanza. Ile yenye mdomo wa bata ishike mbele ya mwanga: mpasuko ukiwa wazi bila kuguswa, imekwisha. Kwa anayekamua kila siku, vali hubadilishwa kila mwezi mmoja au miwili. Kisha angalia mrija kama umelegea au una ufa mwishoni, kisha chaji ya betri. Mota ni mshukiwa wa mwisho. Mrija ukiwa na matone ya maji, washa pampu bila chupa dakika chache ukauke. Ukiona madoa meusi, utupe.

Maji yetu ya visima yana chumvichumvi, na ukichemsha vifaa kila siku utaona unga mweupe kwenye vali unaoizuia kufunga. Loweka kwenye siki iliyochanganywa na maji nusu kwa nusu, kama nusu saa, kisha suuza kwa maji safi. Vifaa vioshwe kila baada ya kukamua, kwenye beseni lake, siyo lile la vyombo. Kwa mtoto aliyezidi miezi miwili na mwenye afya, kuosha kwa sabuni na maji ya moto kunatosha. Kuchemsha dakika 5 mara moja kwa siku ni tahadhari nzuri. Funika vikaukie hewani. Kiangazi na upepo wa hapa, kijimashine kikae kwenye mfuko wake, kisiachwe dirishani.

Kazini, sheria ya ajira inakupa hadi saa mbili kwa siku za kunyonyesha ndani ya muda wa kazi. Kutoka Mtumba kwenda Ilazo na kurudi, saa hizo zinaishia barabarani, kwa hiyo zungumza na mwajiri uzitumie kukamua: mara tatu, dakika 20 kila mara, kwenye chumba chenye kitasa na soketi. Chooni hapana. Mtoto wa umri huo hutumia kama mililita 30 kwa kila saa usipokuwepo, kwa hiyo saa 10 ni mililita 300 na kidogo. Maziwa mezani yanakaa saa 4 kama chumba hakizidi nyuzi 25, na Oktoba ofisi isiyo na kiyoyozi inapita hapo. Beba deli dogo lenye chupa za maji yaliyoganda: humo yanakaa hadi saa 24. Kwenye friji, siku 4.

Nunua wiki hii, usingoje siku ya kurudi kazini. Kamua mara moja kila asubuhi baada ya mtoto kunyonya, gandisha mililita 60 kwa kila kikontena, na anayebaki naye aanze kumnywesha kwa kikombe wewe ukiwa chumba kingine.