Mama mnene, mawe kwenye mrija wa nyongo: asisubiri kukonda

Ndugu uliyeuliza kutoka Nakuru, nimekuelewa hivi: mamako ana kilo 124, macho yamekuwa manjano, daktari anataka atolewe mawe kwa kamera ya kupitia mdomoni, ile ERCP, na shangazi zako wanasema akonde kwanza. Mimi ni wa Kisumu, mnene vilevile, nilifanyiwa Eldoret.

Asikonde kwanza. Jiwe likiziba mrija, nyongo hutuama, bakteria huzaana humo, kisha maambukizi huingia kwenye damu. Hicho ndicho kinachoua. Tena kujinyima chakula ghafla huzidisha mawe, kwa sababu mafuta ya mwili yakiyeyuka haraka, ini humwaga kolesteroli nyingi kwenye nyongo. Hao wanaochemsha majani ya kukondesha wanywe wenyewe.

Unene unasumbua zaidi kwenye dawa ya usingizi kuliko kwenye mawe. Daktari wa dawa ya usingizi alinihoji kuliko hata yule wa kamera. Unakoroma? Pumzi hukatika ukiwa umelala? Mchana unasinzia? Nikaanza kuona haya, mume wangu akajibu yote, na chumvi akaongeza. Lakini maswali yale yana maana. Mara nyingi mgonjwa hulazwa kifudifudi, tumbo likabana mapafu, na shingo nene ikilegea kwa dawa njia ya hewa huziba upesi. Oksijeni hushuka haraka kuliko kwa mtu mwembamba. Ndiyo maana wengine, mimi nikiwemo, hulazwa usingizi kamili na kuwekewa mpira wa hewa kooni. Wakimwambia mama hivyo, msidhani hali imekuwa mbaya. Kama ana mashine ya kupumulia usiku, aende nayo.

Tajeni uzito wake halisi mnapopanga tarehe, maana kazi hii hufanyika kwenye meza ya eksirei, nayo ina kikomo cha kilo. Mwili mkubwa pia hufanya picha zififie, na mashine hulazimika kuongeza mionzi.

Kuhusu kazi yenyewe, mlango wa mrija uko ndani ya utumbo mwembamba, na kamera hufika huko bila kupita kwenye mafuta ya tumbo. Tafiti nyingi zimeona mawe hutoka kwa wanene karibu sawa na kwa wengine. Isipokuwa aliyewahi kupasuliwa tumbo la chakula ili akonde: njia ya kawaida huenda haipo tena, kwa hiyo mseme mapema.

Kinachohitaji macho baadaye ni kongosho, kiungo kilicho nyuma ya tumbo la chakula. Kuvimba kwake huwapata takriban wagonjwa 3 hadi 10 kati ya 100, wanene kwa wembamba. Tafiti hazikubaliani kama unene huongeza uwezekano huo, ila kongosho la mtu mnene likivimba, huelekea kuvimba vibaya. Muulizeni daktari kuhusu diklofenaki au indometasini, dawa za kutuliza uvimbe, inayowekwa njia ya haja kubwa siku hiyo. Hupunguza hatari, ingawa haimfai kila mtu, hasa mwenye figo dhaifu. Akirudi wodini, maumivu ya juu ya tumbo yanayopenya mpaka mgongoni yasiitwe gesi. Mwite nesi.

Halafu kibofu cha nyongo chenye mawe bado kipo, kwa hiyo ulizieni upasuaji wa kukitoa kabla hamjaruhusiwa kwenda nyumbani.

Hujasema kama ana homa. Akianza kutetemeka kwa baridi au kuongea asichokielewa, achaneni na tarehe mliyopewa, mpelekeni dharura usiku huohuo.