Binti aingie "honors"? Jibu kwa wifi yangu wa Dodoma

Wifi yangu kaniandikia juzi usiku. Binti yake yuko huku Minnesota, Marekani, na baba yake, anasoma darasa la tisa, na shule imewapa fomu ya kuchagua masomo ya mwaka ujao. Kwenye Kiingereza kuna visanduku viwili: English 10 na Honors English 10. Kaka yangu, kama kawaida yake, kasema "muulize dada". Wifi naye kauliza yote kwa mkupuo: hiyo honors ndiyo nini, mtoto aliyesoma English Medium tangu chekechea anakwenda kujifunza Kiingereza gani tena, na je, ataweza? Nimemjibu kwa simu, lakini kwa kuwa swali hili naulizwa na wengi, nimeona niliandike hapa. Wanangu wawili wamepita humo.

Kwanza wifi, shusha presha. Honors si shule ya vipaji. Ni somo lile lile la Kiingereza, chumba cha jirani, pengine na mwalimu huyo huyo, ila vitabu ni vingi zaidi, mwendo ni wa kasi na insha haziishi. Minnesota mwanafunzi hamalizi sekondari bila krediti 4 za somo hili, yaani atalisoma kila mwaka kuanzia darasa la tisa hadi la kumi na mbili, apende asipende. Shuleni kwa wanangu hakukuwa na mtihani wa kuingilia honors. Mwalimu wa mwaka ule alipendekeza, mzazi akasaini, basi. Kwa hiyo huko kusema "wamemchagua" tukutangaze kwa ndugu taratibu.

Kiingereza gani tena? Si kile cha mitihani yetu. Zile kazi za kugeuza sentensi bila kubadili maana, ambazo mtoto wa kwetu anazimaliza akiwa amefumba macho, hatazikuta. Sarufi inaguswa kwa kupita tu. Somo linaitwa Kiingereza lakini ndani yake ni fasihi na kujenga hoja. Waliosoma HKL (Historia, Kiswahili na Kiingereza) watalielewa haraka kuliko sisi wa CBG (Kemia, Baiolojia na Jiografia).

Shakespeare hakwepeki. Darasa la tisa mara nyingi ni Romeo and Juliet, la kumi ni Julius Caesar au Macbeth. Mwalimu Nyerere aliitafsiri Julius Caesar tangu 1963, na ukiipata nakala kwenye maduka ya vitabu vya zamani, nunua umtumie. Kijana wangu alisoma zote mbili sambamba, na hotuba ya Antonio mbele ya maiti ilimwingia kwa Kiswahili kabla ya Kiingereza. Things Fall Apart ya Achebe nayo husomwa sana katika umri huo, na hapo mwandae. Huenda akawa Mwafrika peke yake darasani, na shingo zote zitamgeukia kama vile Umuofia, kijiji cha kwenye hadithi hiyo, ni cha pili ukitoka Kongwa. Mwambie ana haki ya kusema, "Hao ni Waigbo wa Nigeria, mimi ni Mtanzania, nimekisoma kitabu hiki jana kama ninyi."

Sasa nije kwenye insha, maana alama ziko huko. Sisi tulifundishwa utangulizi, hoja, hitimisho, kila hoja na maksi zake, na aliyezikariri notisi za mwalimu vizuri ndiye aliyefaulu. Hapa ukimrudishia mwalimu maneno yake mwenyewe unapata C, na mzazi unabaki kushangaa kwa sababu hakuna kosa hata moja la tahajia.

Ninayo hapa insha ya kwanza ya honors ya huyo kijana, niliificha asiitupe. Imepangwa kama walivyoagizwa: Times New Roman ukubwa wa 12, nafasi mbili kati ya mistari, na kila baada ya nukuu kuna mabano yenye kumbukumbu ya mahali ilipotoka. Kiingereza safi kabisa. Lakini kila ukurasa, pembeni, mwalimu kaandika kwa kalamu ya kijani: "Kwa hiyo?" Yaani umenisimulia kilichotokea, umenukuu, nimekuelewa, kwa hiyo nini? Sentensi aliyoipigia mstari ilisema Macbeth ni mtu mwenye tamaa. Nani atabisha? Hiyo ndiyo kasoro yenyewe, kwa sababu jambo ambalo hakuna anayeweza kulibishia halihesabiwi kuwa hoja. Aliruhusiwa kuiandika upya, walimu wengi huruhusu. Mara ya pili akadai kwamba Macbeth anajua tangu mwanzo kuwa mauaji yatamrudia, na anaua hivyo hivyo, kwa hiyo kusema tamaa ilimpofusha ni kumtetea. Akachukua maneno anayojisemea kabla ya kumuua mfalme Duncan, akayachambua neno kwa neno, bila kusimulia hadithi tena. Hiyo ikapata A pungufu kidogo. Kiingereza chake kilikuwa kile kile.

Wifi, huko ndiko binti yako atakakoumia miezi ya mwanzo, na ataumia zaidi kwa sababu amezoea kuwa wa kwanza. Akikupigia analia kwamba mwalimu anamchukia kwa kuwa Mwafrika, msikilize (mambo hayo yapo, sitakudanganya), lakini kabla ya kuwasha moto mwombe akusomee alichoandikiwa pembeni.

La pili ni mdomo. Kuna siku wanapanga viti duara, wanajadili kitabu wenyewe kwa wenyewe, na mwalimu anakaa nje ya duara na karatasi. Kwenye karatasi kachora duara lenye majina, na kila mtoto anapomjibu mwenzake anavuta mstari kutoka jina hadi jina. Mwisho wa kipindi wengine wamezungukwa na mistari kama nyavu. Jina la binti yangu mkubwa lilibaki peupe. Mwalimu akanipigia simu, kwa upole kabisa, kuniuliza kama mtoto ana huzuni au kuna tatizo nyumbani. Nikamwambia hana tatizo, ana adabu. Amelelewa asimkatize mtu maneno, na wale wenzake hawakumwachia hata upenyo. Mwalimu alinielewa, ila alama za kushiriki hazikubadilika.

Tulichofanya ni kumtaka aende na maswali mawili ameyaandika, na alitoe la kwanza mapema kabla wasemaji wakubwa hawajapamba moto. Akishasema mara moja, woga unapungua. Na kumpinga mwalimu ruksa, mradi aonyeshe ukurasa. Hili kaka atalichukia, kwa sababu mtoto akishazoea atalirudisha sebuleni. Wangu walilirudisha.

Kunakili nako huku si utani. Insha inapitishwa kwenye programu inayoilinganisha na maandishi mengine, na mtoto akikamatwa amechota kwenye intaneti au ameandikiwa na akili bandia anapata sifuri na mzazi anaitwa. Hata ile ya kusaidiana usiku, mmoja anaandika wenzake wanabadilisha maneno, wao wanaiita wizi.

Halafu kuna fomu ya lugha ya nyumbani. Kama kaka aliandika Kiswahili siku ya kumwandikisha, na aliandika kweli, mtoto alipimwa Kiingereza chake. Asipofikia kiwango anaingizwa kwenye huduma za wanaojifunza Kiingereza na kila mwaka anafanya mtihani wa WIDA wa kupima Kiingereza chake. Mzazi anaweza kukataa zile huduma, ila mtihani ataendelea kuufanya mpaka afikie kiwango. Watu wengi wa kwetu hudhani kuwa humo kunamfungia mtoto mlango wa honors. Hakumfungii, na shule haitakiwi kumzuia kwa sababu hiyo pekee. Mtu wa ofisini akimwambia kaka vinginevyo, amwombe kwa heshima alitie hilo kwenye maandishi. Mara nyingi mazungumzo huishia hapo.

Faida? GPA kwanza, yaani wastani wa alama zake, lakini kaulize. Kuna wilaya A ya honors inahesabiwa 4.5 au 5 badala ya 4, na kuna wilaya haiongezi hata nukta. Faida ninayoiona mimi ni mazoezi. Darasa la kumi na moja na la kumi na mbili kuna masomo ya AP, yaani ya kiwango cha chuo yanayofundishwa sekondari, ambayo mtihani wake wa Mei huwekewa alama 1 hadi 5, na vyuo vingi vinampa krediti aliyepata 3 kwenda juu, vingine vinataka zaidi. Minnesota pia tuna PSEO, mpango wa tangu 1985, ambapo mwanafunzi wa madarasa hayo anasoma masomo ya chuo bila kulipa ada wala vitabu. Ukijua chuo cha hapa ni bei gani, hutauliza tena kwa nini mtoto anakesha na Macbeth.

Na atakesha kweli. Kaka anafanya kazi zamu ya usiku, na nijuavyo mimi binti ndiye anayepika na kuwalaza wadogo zake. Nyie wawili mlizungumze hilo. Honors kwa mtoto anayeanza kazi za shule saa nne usiku ni kumwonea. Kama jikoni hapatapatikana mwingine wa kumsaidia, heri A ya darasa la kawaida, na aombe kupanda akifika darasa la kumi na moja. Kama atapatikana, mimi nasema aingie. Kaka amuulize kaunsela wa shule mwisho wa kutoka honors na kurudi darasa la kawaida ni lini, kwa sababu wiki za mwanzo huwa bado inawezekana.

Orodha ya kusoma likizoni, kama shule yao inayo, hutolewa kabla ya kufunga shule mwezi Juni. Vitabu wasinunue. Kadi ya maktaba ni bure, na Jumamosi nitampitia mwenyewe tukaichukue.