Wanachaguaje jiwe la kwenda kuchota huko angani?

SWALI: Habari za kazi wahariri. Nimesoma Wamarekani walituma chombo kikachota udongo kwenye asteroidi inaitwa Bennu. Sasa mawe huko juu si yamejaa kibao, walijuaje waende hilo? Na kwa nini wahangaike wakati vimondo vinadondoka vyenyewe, si hata sisi tunacho kile cha Mbozi? – Msomaji, Mbeya

JIBU: Njema ndugu. Tuanze na cha Mbozi. Kile ni chuma, tani kama 16 hivi, ndo maana kimedumu. Wanachotafuta wenzetu ni mawe meusi yenye kaboni, na hayo ni laini, mengi yanasagika yakiingia kwenye hewa yetu, na hata kipande kikifika chini kinanyeshewa, kinaingia vijidudu, halafu ukikuta kemikali za uhai ndani yake utaapaje kwamba hazikuingilia hapahapa duniani?

Kuhusu kuchagua, ule ulikuwa mchujo wa kweli. Asteroidi zilizojulikana wakati ule zilikuwa zaidi ya laki 5. Wakabaki na za karibu na Dunia, kama 7,000, wakatoa zile ambazo njia yake ingemaliza mafuta ya kwenda na kurudi, zikabaki 192. Hapo ndo mimi naona watu wengi wanakosea, wanadhani kinachoangaliwa kwanza ni utajiri wa jiwe kumbe ni mafuta. Halafu ukubwa: chini ya mita 200 mengi yanazunguka kasi mno, chombo hakiwezi kugusa kwa usalama na vumbi lenyewe linarushwa nje, kwa hiyo zikabaki 26, na zenye kaboni humo zilikuwa 5 tu. Bennu ina upana wa kama mita 500, inajizungusha mara moja kwa saa 4 na kitu, na rada ya Arecibo, ile darubini kubwa ya redio ya Puerto Rico, ilishaimulika tangu 1999 ilipogunduliwa, yani umbo lake walilijua kabla hata ya kurusha chombo 2016.

Na bado waliumbuka! Vipimo vya darubini vilionyesha uso laini kama wa mchanga, wamefika Desemba 2018 wanakuta mawe makubwa kila kona. Walipanga eneo la kugusa la mita 50, wakaishia kwenye kajisehemu ka mita kama 16. Oktoba 2020 mkono wa chombo ukagusa, ukazama karibu nusu mita, maana lile jiwe ni rundo la kokoto zisizoshikana.

Mzigo ulitua jangwa la Utah Septemba 2023, gramu 121.6, haifiki hata nusu robo ya sukari dukani. Lakini humo wamekuta amino asidi 14 kati ya 20 zinazojenga protini za viumbe.

Wachina nao Mei 2025 wamerusha chombo chao Tianwen-2 kwenda Kamoʻoalewa, kijiwe cha makumi ya mita tu kinachojizungusha kila dakika 28 hivi, yani kile kile ambacho mchujo wa Bennu ungekitupa mapema.