Nikishika maiki natetemeka

Shikamoo dada. Nipo Ujiji, Jumamosi natakiwa nitoe neno kwenye sendofu ya mdogo wangu ila nikishika tu maiki mikono inatetemeka mate yanakauka, nifanyeje?

Marahaba mdogo wangu. Hiyo ni adrenalini, homoni mwili unayoimwaga ukidhani kuna hatari, ndo maana moyo unaenda mbio, sio kwamba we huwezi. Usikariri hotuba nzima, ukisahau neno moja yote inapotea, shika sentensi ya kwanza na ya mwisho. Jioni shuka ziwani uiseme kwa sauti kabisa, wanaoanika dagaa wakisikia sawa tu, kimoyomoyo hakusaidii. Siku yenyewe toa pumzi taratibu, ndefu kuliko unavyovuta, halafu mtazame mdogo wako, ongea nae yeye.