Mjomba, ni lini mtu anatakiwa kubwaga manyanga kwenye chesi?

Toleo lililopita niligusia chesi mistari miwili mitatu tu, nikajua mtapita nayo kama hamjaiona, kumbe mnacheza wengi hivi! Meseji zimejaa na karibu zote zinazunguka palepale, ukishaona umefungwa unaacha au unaendelea. Nimechukua nne.

Mjomba shikamoo. Jioni nacheza chesi na mzee mmoja hapa mtaani, rika la baba yangu, na yeye ndo alonifundisha kete zinavyotembea. Tatizo lake hajui kukubali. Nimemla malkia, nimemla ngome zote, amebaki mfalme peke yake kama jogoo wa sadaka na bado anawaza dakika kumi kila zamu, mi nataka nikaoge. Juzi nikamwambia "mzee si uache tu hii imeisha", akanijibu neno moja: "maliza". Nikapandwa na hasira nikageuza askari akawa malkia wa pili ili nimkomeshe. Mfalme wake yuko kona ya h8 (safu ya h, mstari wa 8 wa ubao), mi huku nacheka nikapeleka malkia f7, kumbe nimemfungia milango yote na mfalme wenyewe sijamtisha, cheki hamna. Sare! Tangu siku hiyo anamsimulia kila anayepita. Nani mkosaji hapo? – Msomaji, Morogoro

Marahaba mwanangu. Mkosaji ni wewe, na nimecheka peke yangu ofisini mpaka wenzangu wamenigeukia.

Tuanze na sheria. Kwa kanuni za FIDE, lile shirikisho la chesi la dunia, mchezo unaisha papohapo mchezaji anapotangaza mwenyewe kwamba amejisalimisha. Mwenyewe! Hamna kifungu kinachosema ukipoteza malkia uondoke, wala kinachompa anayeongoza haki ya kudai mwenzie aache. Kilichopo ni katazo la kumsumbua mpinzani kwa namna yoyote ile, na hilo la "mzee si uache tu" linaangukia hukohuko, tena kwa mtu rika la baba yako ambaye ndo alokushika mkono ukajua farasi anarukaje. Ungemwambia hivyo baba yako mzazi?

Sasa najua umeona mtandaoni wakubwa wanaachia mapema, kete moja tu imepungua mtu kasimamisha saa kaondoka. Kweli, na ile ni heshima, anamwambia mwenzie najua unajua kuimalizia hii, tusipotezeane muda. Mwaka 1972 pale Reykjavik, Spassky na Fischer wanagombea ubingwa wa dunia, mchezo wa 21 uliahirishwa usiku uendelee kesho yake, na kesho yake Spassky akapiga simu tu kusema amekubali, hakutokea hata ukumbini, na ubingwa wenyewe ukaenda kwa simu hiyo. Hakuna aliyemuona muoga, maana alijua anacheza na nani. Ila mzee wako anajua anacheza na nani? Anajua! Ndo maana akakwambia maliza, na we ukashindwa kumaliza ukiwa na malkia wawili. Jibu lake lilikuwa sahihi kuliko swali lako.

Afu kuna hili watu hawalisemi, wengi wetu tumetokea kwenye drafti za vizibo vya soda, na kule kijiweni mtu anapigwa mpaka kete ya mwisho huku watazamaji wanamchonga, kuachia njiani kunaonekana kama kukimbia. Mzee kahama na mila yake, anakufa na tai shingoni. Mi simlaumu.

Dawa zako ni mbili. Ya kwanza jifunze kufunga. Mfalme na malkia dhidi ya mfalme mtupu, hata waanzie wapi, zamu ikiwa yako na ukicheza sawasawa haivuki hatua 10, na kwa ngome haivuki 16. Malkia wa pili wa kukomoana ndo anayeleta stelimeti, yaani mwenzio hana hatua ya kucheza na mfalme wake hana cheki, ni sare, usimtengeneze kama humhitaji, na kabla hujaachia kete mkononi jiulize mfalme wake ataenda wapi. Ya pili tafuteni saa ya chesi, hata ya kwenye simu, mpeane dakika 15 kila mmoja. Hapo akiwaza dakika kumi anakula zake, zikiisha kapoteza, na we utaoga mapema bila kumkosea mtu adabu.

Kaka habari. Binti yangu ana miaka 10, anacheza chesi shuleni na ana kichwa kweli, ila akipoteza malkia tu analaza mfalme, macho mekundu, mchezo basi. Mwalimu anamwambia kujisalimisha mapema ni ustaarabu. Mimi sijui chesi ila moyo unakataa. – Mama, Mbeya

Dada yangu moyo wako unajua chesi kuliko unavyodhani. Kwa heshima zote kwa mwalimu, ustaarabu huo ni wa wachezaji wakubwa, na mtoto wa miaka 10 anacheza na watoto wenzie wa miaka 10, wale wanapoteza malkia asubuhi na kumpata mchana. Akiachia kila akijikwaa atajifunza saa ngapi kubana?

Na sio watoto tu wanaoachia vibaya. Mwaka 1902 kule Monte Carlo, Georg Marco alikuwa anacheza na Ignatz von Popiel, akaona askofu wake kabanwa hawezi kuokoka, akajisalimisha. Kumbe askofu yuleyule alikuwa na hatua moja ya kusonga mbele, mpaka g1, na kwa hatua ile Marco alikuwa ANASHINDA. Sio sare dada, kushinda! Hata Kasparov, yule bingwa wa dunia, mwaka 1997 kwenye mchezo wa pili na kompyuta ya Deep Blue, aliachia akaondoka, kesho yake wenzake wakamwambia palikuwa na njia ya kupata sare. Kama jitu lile linaachia pasipofaa, binti yako anayelaza mfalme kwa malkia mmoja anaacha pointi ngapi mezani?

Ila usimwambie tu "usikate tamaa", atakuona unamhubiria. Mwonyeshe mchezo wa Larry Evans na Samuel Reshevsky, ubingwa wa Marekani wa 1963/64. Evans kashapoteza kabisaaa, maji yamezidi unga, lakini hakulaza mfalme, akatega. Akatoa malkia bure kwenye g8, mwenzie hana budi amle, afu ngome ikaingia g7 na cheki. Ukiila ngome ni stelimeti maana mfalme wa Evans hana pa kwenda na askari wake wote wamekwama, usipoila inakufukuza ubaoni mpaka uchoke. Wakagawana pointi! Muwekee kete mezani, mwache ajikune kichwa mwenyewe, atoke hapo akiwa na swali jipya: bado nina mtego gani? Akikosa kabisa na mwenzie yuko makini, hapo aachie kwa amani na anyooshe mkono, macho makavu.

Kuna na aina nyingine ya adabu napenda aijue. Oktoba 1956 New York, Donald Byrne alikuwa anapigwa na mtoto wa miaka 13 anaitwa Bobby Fischer, mtoto katoa malkia mzima kwenye hatua ya 17 na bado anaongoza. Byrne angeweza kuachia zamani. Akaendelea mpaka akafungwa kabisa, hatua ya 41, mchezo ule uandikwe mpaka mwisho wake. Yani kuna wakati kutokuachia ndo zawadi yenyewe.

Mjomba mi nacheza kwenye simu, mchezo wa dakika 10. Jamaa akiona anakufa anaacha saa inatembea, anaenda zake, mi nimekodoa kioo dakika 8 nzima. Nikienda chooni ndo anarudi anacheza! Hii nayo ni haki yake? – Mwanafunzi, Dodoma

Hapana bana, huyu simtetei. Mzee wa Morogoro anacheza, huyu hachezi, anakukomoa. Muda ni wake kuwazia, sio kukuadhibu. Chess.com na Lichess, zile tovuti za kuchezea chesi, zote zina sehemu ya kuripoti tabia hiyo na mtu akizoea anafungiwa kucheza kwa muda. Ripoti, mzuie asikutane nawe tena, na ukienda chooni nenda na simu, mambo ya kisasa hayo. Usimwandikie matusi tu kwenye chati maana hapo mnaripotiwa wote wawili.

Mjomba, kwenye mashindano ya chuo nilikuwa naongoza askari wawili, mwenzangu akaninyooshea mkono kimya, nikaushika nikijua kajisalimisha. Tumefika kwa mwamuzi anasema tumekubaliana sare! Na karatasi nimesaini bila kuangalia, nilikuwa nawahi chakula. Nifanyeje? Na je ilikuwa lazima alaze mfalme? – Mwanachuo, Dar

Kulaza mfalme sio lazima, kanuni hazidai, ni mapambo tu ambayo sinema zimeyapenda. Na afadhali kumlaza taratibu kuliko Alekhine, aliyekuja kuwa bingwa wa dunia, inasimuliwa kwamba Vienna mwaka 1922 alipofungwa na Grünfeld alimrusha mfalme wake ukumbini. Na Juni 2025 kule Norway, Magnus Carlsen, bingwa wa zamani wa dunia, aliharibu mchezo aliokuwa anaushinda mbele ya Gukesh, bingwa wa dunia wa wakati huo, akapiga ngumi meza kete zikaruka, dunia nzima ikaona. Ila mtazame vizuri alivyofanya baada ya hapo: mkono alitoa, na akaomba radhi.

Sasa lako. Mkono mtupu hausemi kitu, watu wanapeana mkono kwa sare, kwa kushinda na kwa kushindwa. Mtu akikunyooshea mkono kimya, kabla hujaushika muulize, "umekubali au unaomba sare?" Haina aibu. Akijibu, simamisheni saa, mkono, andika matokeo, saini. Na hapo kwenye saini ndo ulipoponzeka mwanangu, kanuni inasema matokeo mlosaini wote wawili yanabaki hivyohivyo hata kama yamekosewa, isipokuwa mwamuzi aamue vinginevyo. Mwamuzi wako keshaamua. Hiyo nusu pointi iliyopotea andika kwenye hesabu ya ule wali, na nina hamu ya kujua, ulikuwa na nyama au maharage?